Kusoma biolojia komyuniti koleji Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kanisani, kwenye magrupu ya WhatsApp, na zaidi ya yote kazini kwangu kwa zamani, ghalani, saa tisa za usiku wakati wa breki. Wanaouliza wengi ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani waliofika Ohio, Kentucky, Texas na Iowa. Mimi nilipitia komyuniti koleji na sasa nafanya kazi maabara ya hospitali. Sheria za majimbo hazifanani, kwa hiyo ukiona nimeandika "kwa kawaida", kaulize chuoni kwako kabla ya kulipa.

## Mwanzo kabisa

Komyuniti koleji ni kitu gani hasa?

Ni chuo cha umma cha miaka miwili. Unamaliza na digrii ya awali ya krediti kama 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), halafu unaingia kazini au unahamia chuo kikuu kumalizia shahada ya krediti 120. Mlango uko wazi: hawachuji kwa alama za shule kama vyuo vikuu vinavyochuja, ingawa baadhi ya programu za ndani, hasa unesi, zina mchujo wake mkali. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Miji yenye Waswahili wengi ina vyuo vya aina hii: Columbus State kule Ohio, Bluegrass kule Lexington, Jefferson kule Louisville, Dallas College kule Texas.

Si ni chuo cha walioshindwa?

Swali hili huulizwa na wazazi walioko nyumbani, si wanafunzi. Craig Venter, aliyeongoza mojawapo ya timu mbili zilizosoma jenomu ya binadamu, yaani jeni zake zote, alirudi kutoka vita vya Vietnam akaanzia College of San Mateo, komyuniti koleji ya California, ndipo akahamia chuo kikuu. Mwambie mama hivyo. Kama hajaridhika, mwambie ada.

Nijiandikishe biolojia ipi?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote humu, na ndilo watu hawaliulizi mpaka wameshachelewa. Biolojia si somo moja. Kwenye orodha ya masomo yote huanza na BIO au BIOL na tofauti yake ni namba tu, lakini hiyo namba ndiyo inayoamua utafika wapi.

Kuna biolojia ya wasiosomea sayansi. Ni ya kutimiza sharti la kila mwanafunzi kugusa sayansi kidogo. Ni tamu na nyepesi, na mara nyingi haihesabiki popote ukitaka kuendelea na sayansi.

Kuna biolojia ya jumla ya kwanza na ya pili, ya wanaosomea sayansi. Hii ndiyo njia ya shahada ya biolojia, udaktari, ufamasia na utafiti. Hutembea pamoja na kemia.

Halafu kuna anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, pamoja na mikrobiolojia. Hizi ni za unesi, tiba ya upumuaji, eksirei, usafi wa meno na kadhalika. Vyuo vingine hudai upite kwanza biolojia au kemia ndipo wakufungulie anatomia.

Mimi nilichagua kwa saa. Somo lilikuwa Jumanne jioni, kabla ya shifti yangu, basi nikajiandikisha. Nikapata A. Mwaka uliofuata naomba programu ya maabara, naambiwa lile somo halihesabiki, nianze upya. A yangu ikawa kama sahani ya kabatini: inapendeza, lakini hailiwi wali. Mshauri wa masomo aliyenisajili hakuniuliza nataka kuwa nani, nami sikujua kwamba nilipaswa kumwambia.

Kwa hiyo anza mwisho. Chukua ukurasa wa programu unayoitaka, au wa chuo kikuu utakakohamia, andika namba za masomo wanayodai, kisha ndipo uende kwa mshauri na karatasi hiyo mkononi.

Nina cheti cha kidato cha sita, KCSE au Diplôme d'État. Kinatambuliwa?

Kama uthibitisho kwamba umemaliza sekondari, kwa kawaida ndiyo, ila huenda wakataka kitathminiwe na shirika kama WES au ECE. Kama kiko kwa Kifaransa kitahitaji tafsiri rasmi. Waliosoma biochimie Kongo au PCB (fizikia, kemia na biolojia) Tanzania wasitegemee kuruka masomo. Baadhi ya vyuo hutoa krediti chache kwa kidato cha sita, vingi havitoi. Faida yako ni kwamba mada nyingi utazikuta unazijua, nayo si haba.

Vyeti vilibaki tulipokimbia, au shule niliikomea kambini Nyarugusu.

Fanya GED, inayosimama badala ya cheti cha sekondari. Ni mitihani minne: hesabu, sayansi, jamii, na lugha. Kila mmoja unapita kwa alama 145, na si lazima uifanye siku moja. Komyuniti koleji nyingi hufundisha maandalizi yake bure au kwa bei ya chini sana. Mtihani wa sayansi ni wa kusoma grafu na majedwali zaidi kuliko kukariri, na wengi huniambia uliowatoa jasho ni wa hesabu.

Kiingereza changu hakitoshi. Nisubiri?

Usisubiri nyumbani. Utapimwa, na kama hujafikia kiwango utawekwa madarasa ya Kiingereza ya chuo. Uliza mapema kama madarasa hayo yanakula msaada wako wa serikali, kwa sababu Pell, yaani msaada wa serikali usiorudishwa, ina kikomo cha maisha: sawa na semesta 12 za kusoma muda wote. Nimeona mtu amemaliza semesta nyingi kwenye Kiingereza, akafika anatomia mfuko umekaribia kukauka. Kama kuna darasa la bure la watu wazima, anzia huko.

## Pesa

Ni kiasi gani?

Inategemea jimbo na inategemea kama wewe ni mkazi. California, kwa mfano, mkazi hulipa dola 46 kwa krediti, yaani somo la krediti nne ni dola 184. Majimbo mengine ni juu zaidi. Asiye mkazi hulipa mara kadhaa ya hapo. Ukazi kwa kawaida huhesabiwa baada ya miezi 12 jimboni, kwa hiyo tunza mkataba wa nyumba, leseni na fomu za kodi tangu siku ya kwanza. Ukihama Ohio kwenda Texas kumfuata binamu, saa inaanza upya.

Nani anaweza kuomba FAFSA?

FAFSA ni fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo. Wanaoruhusiwa ni raia, wenye grinikadi (wakiwemo walioshinda bahati nasibu ya viza), wakimbizi na waliopewa hifadhi. Wenye viza ya mwanafunzi hawaruhusiwi. Tazama swali lao mwishoni. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango cha juu cha Pell kilikuwa dola 7,395, na si mkopo. Kwenye vyuo vingi vya aina hii inalipa ada yote na kubaki. Si lazima usome muda wote. Ukisoma nusu, unapata sehemu.

FAFSA yenyewe ni bure. Ukiona mtu anakutoza kukujazia, hata kama ni wa kwenu, mwambie asante.

Vitabu ni ghali mno. Kuna njia?

OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, unatoa bure mtandaoni vitabu vya biolojia, anatomia na fiziolojia, na mikrobiolojia. Muulize mwalimu kabla ya kununua: "Toleo la zamani linafaa?" Mara nyingi linafaa. Usichoweza kukwepa ni namba ya siri ya kazi za mtandaoni, kama mwalimu anaitumia. Hiyo hununuliwa mpya.

## Darasani na maabara

Maabara ikoje? Shuleni kwetu hatukuwa nayo.

Wengi wetu tulisoma hadubini kwa mchoro ubaoni. Mwalimu alichora, tukanakili, tukapaka rangi. Hapa utaikamata mwenyewe wiki ya kwanza. Somo la krediti nne kwa kawaida lina mihadhara saa tatu kwa wiki na maabara saa mbili au tatu. Kukosa maabara ni kosa kubwa kuliko kukosa mhadhara, maana mara nyingi hairudiwi.

Viatu vya kufunika vidole ni lazima. Ndala zitakurudisha nyumbani. Wenye hijabu huingiza ncha ndani ya koti la maabara, na wenye nywele ndefu huzifunga.

Nikupe mfano mmoja: kupaka rangi ya Gram, kazi ya mikrobiolojia. Unapaka bakteria kwenye kioo, unaacha vikauke, unapitisha kioo juu ya moto. Unamwaga rangi ya zambarau, dakika moja, unasuuza. Iodini, dakika moja, unasuuza. Kisha alkoholi, na hapa ndipo pana kazi: sekunde chache tu, mpaka maji yanayotiririka yawe meupe. Mwisho rangi ya waridi. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wenye ukuta mwembamba huwa waridi. Alkoholi ikizidi kidogo, hata Staphylococcus, ambaye ni wa zambarau, anatoka waridi, nawe unaandika jibu la uongo kwa mwandiko mzuri. Mara ya kwanza nilizidisha. Mara ya pili niliogopa, nikapunguza, kila kitu kikawa zambarau. Ya tatu nikaacha kutazama saa nikatazama matone. Leo hospitalini bado natazama matone.

Mtihani wa vitendo unafanyikaje?

Meza zimepangwa kuzunguka chumba. Kila meza ina kitu: mfupa wenye pini, moyo wa kondoo, kioo kwenye hadubini. Una kama dakika moja, kengele inalia, unasogea. Hakuna machaguo ya a, b, c. Unaandika jina, na walimu wengi hukata alama kwa herufi iliyokosewa.

Wana sababu. Ilium ni mfupa wa nyonga, ileum ni sehemu ya utumbo mdogo. Kwa sikio la Mswahili ni neno lilelile. Zilinigharimu zote mbili siku moja.

Haya majina nitayashikaje?

Usikariri majina mazima, kariri vipande. Hepat- ni ini, nephr- na ren- ni figo, cardi- ni moyo, -itis mwishoni ni uvimbe wa maradhi. Ukijua vipande hamsini hivi unafungua mamia ya maneno. Wakongomani wana bahati: aliyesoma kwa Kifaransa tayari anajua rénal, hépatique na fémur, anabadili matamshi tu.

Kiswahili nacho kinasaidia, ila jihadhari na neno "mshipa". Nyumbani mshipa ni ateri, ni vena, ni neva, na kwa wazee ni ugonjwa wa ngiri pia. Darasani hivyo ni vitu mbalimbali kabisa. Tengeneza kadi zenye picha upande mmoja na jina upande wa pili, bila tafsiri katikati, kwa sababu mtihani nao utakuonyesha kitu, si neno.

Naogopa kumsumbua mwalimu. Saa za ofisi ni za nini?

Ni zako. Mwalimu analipwa kukaa ofisini akusubiri, na mara nyingi anakaa peke yake. Sisi tumelelewa kwamba anayeitwa ofisini ana kesi. Hapa asiyekwenda ndiye anayedhaniwa hajali. Mwite "Professor" na jina lake la ukoo mpaka yeye mwenyewe akuambie vingine. Nenda na swali moja lililoandikwa, siyo "sijaelewa chochote". Na faida yake utaiona baadaye: programu nyingi hudai barua ya mapendekezo, na mwalimu hawezi kumwandikia mtu asiyemjua sura.

Nafanya kazi usiku saa 40. Naweza?

Somo moja la sayansi kwa semesta, ndiyo. Mawili, ukiwa na mtu wa kulea watoto. Anatomia na kemia pamoja, na ghala usiku: usijaribu, hata kama kuna mtu anakuambia yeye aliweza. Hesabu saa mbili za kusoma nyumbani kwa kila krediti. Kusoma polepole kwa alama nzuri ni bora kuliko haraka kwa C, kwa sababu zilizo kwenye swali la unesi.

Mimi ni Mwislamu. Nitalazimika kupasua nguruwe?

Vyuo vingi hutumia kijusi cha nguruwe, vingine paka, vingine moyo wa kondoo na jicho la ng'ombe. Mwandikie mwalimu wiki ya kwanza, si asubuhi ya upasuaji. Wengi hukubali utumie modeli au programu ya kompyuta, au ukae na kundi ukitazama bila kushika. Wapo Waislamu wanaovaa glavu wakafanya, wapo wasiotaka kabisa. Hilo ni lako na dini yako, lakini mtihani utauliza viungo vilevile kwa wote.

Na mageuko ya viumbe? Imani yangu hairuhusu.

Hakuna atakayekuuliza unaamini nini. Utaulizwa uteuzi wa asili unafanyaje kazi, nawe utatakiwa kulieleza sawasawa. Mfano wa kitabuni karibu kila mara ni wa kwetu: selimundu (sickle cell). Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi wa watu wa Kenya na Uganda, kwamba mwenye jeni moja ya selimundu analindwa kiasi dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo haikupotea palipo na mbu. Darasa zima linasoma malaria kama hadithi ya mbali, wewe umelala nayo kitanda kimoja. Inua mkono siku hiyo.

## Baada ya hapo

Nataka unesi. Biolojia inaingiaje?

Anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, mara nyingine kemia: hizo ni za kukufikisha mlangoni tu. Kisha mtihani wa kuingia, kwa kawaida TEAS au HESI, ndipo programu yenyewe ya miaka miwili hivi. Ukimaliza unafanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi, uleule anaofanya mwenye shahada ya miaka minne.

C huwa inatosha kupita somo, lakini nafasi ni chache na wanapanga waombaji kwa alama, kwa hiyo C inaweza kukuacha nje. Programu nyingi pia huhesabu mara ulizorudia somo. Ukitaka kujipima kwanza, soma CNA, yaani usaidizi wa nesi: sheria ya nchi inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache, na utajua mapema kama unaweza kazi ya kumgeuza mgonjwa kitandani.

Sitaki unesi. Kuna nini kingine?

Fundi wa maabara ya tiba, kazi yangu: digrii ya miaka miwili na cheti cha ASCP, chama cha watu wa maabara za tiba. Hakuna anayekuita kwa kengele, sampuli hazigombi. Kuna tiba ya upumuaji, eksirei, usafi wa meno, na kwenye miji yenye viwanda vya dawa, ufundi wa bioteknolojia. Kwetu kila mtu husema "unesi" kwa sababu ndilo jina tunalolijua.

Nikitaka udaktari?

Fuata biolojia ya jumla, si anatomia ya manesi, pamoja na kemia, hesabu na fizikia, kisha hamia chuo kikuu. Tafuta mkataba wa kuhamisha krediti kati ya vyuo hivyo viwili. California wanayo tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo kwa somo. Shule nyingine za udaktari hupenda uwe umesoma pia biolojia ya juu chuo kikuu, kwa hiyo usimalizie kila kitu koleji.

## Yasiyo ya kawaida

Kipimo changu cha TB kimevimba. Nitafukuzwa?

Tulia. Kabla ya kwenda hospitalini kwa mafunzo utadaiwa chanjo na kipimo cha TB. Sisi wenye kovu la BCG, chanjo ya TB, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila kuwa na TB. Omba kipimo cha damu, kile kinachoitwa IGRA, ambacho BCG haikichanganyi. Kikitoka chanya nacho, basi fuata matibabu na usikifiche.

Nimefiwa nyumbani, nimeacha kwenda darasani. Nifanye nini?

Andika barua pepe leo, hata ukiwa uwanja wa ndege. Kuacha kimya ni njia ya kupata F na deni: ukiyaacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya semesta kupita, chuo kinaweza kulazimika kurudisha sehemu ya msaada wako, kisha kinakudai wewe. Kujiondoa rasmi kunaacha W, ambayo haishushi wastani. Lakini W nyingi nazo zinahatarisha msaada, maana vyuo vingi hudai umalize asilimia 67 ya unachoanza. Mweleze mtu wa ofisi ya msaada wa fedha habari ya msiba kabla hujachagua.

Nina viza ya mwanafunzi ya F-1. Naweza kusoma komyuniti koleji?

Ndiyo, kama chuo kimeidhinishwa kutoa I-20, fomu ya kuombea viza hiyo. Lazima usome krediti 12 kwa semesta, unalipa ada ya wageni, huna FAFSA, na mwaka wa kwanza kazi ni ya ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.

Mtoto wangu yuko sekondari. Anaweza kuanza?

Mara nyingi ndiyo, na majimbo mengi hulipia. Lakini hizo alama zinabaki kwenye rekodi yake ya chuo milele, hata akiwa na miaka 16. Na swali la biolojia ipi linamhusu vilevile.

Nilikuwa daktari Bukavu. Nianze biolojia?

Hapana, si kabla hujauliza. Daktari aliyehitimu ana njia ya ECFMG, wanaothibitisha vyeti vya madaktari waliosomea nje, na mitihani ya leseni ya USMLE. Nesi ana tathmini ya vyeti ya CGFNS kisha NCLEX. Afisa tabibu ndiye mwenye mtihani mgumu, kwa sababu kada hiyo haina jina hapa. Kwake komyuniti koleji huwa ndiyo njia fupi. Chukua nakala ya masomo uliyosoma, itathminiwe somo kwa somo, pengine biolojia yako ya zamani itakuokolea semesta.

Nilisoma anatomia miaka minane iliyopita. Bado inahesabika?

Kwa programu nyingi za afya, hapana; zinataka iwe ndani ya miaka mitano au saba. Kwa kuhamia shahada ya kawaida, huenda ndiyo. Kabla ya kurudia, uliza kama wanakubali mtihani wa kuthibitisha maarifa badala ya semesta nzima, na ulizia kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi.